Basi la Umeme, Hisa na Kiinua Mgongo cha Sajini

Siku kiinua mgongo kinapoingia benki huwa ni siku ya furaha na hofu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa ni malipo ya miaka mingi ya gwaride, lindo na safari za mbali na nyumbani. Hofu, kwa kuwa fedha hizo huja mara moja tu katika maisha ya askari, na habari zake aghalabu huenea mtaani kabla mwenyewe hajazihesabu. Hapo ndipo wageni wanapoanza kubisha hodi: mwenye kiwanja, mwenye lori kuukuu, mwenye shauri la biashara. Siku hizi yuko mgeni mwingine, naye ni mwenye karatasi za hisa.

Chukua mfano wa nyumba mbili, moja ya Jinja na nyingine ya Mbale, ambazo zaweza kuwa za familia yoyote ya askari mashariki ya Uganda. Ya Jinja ni ya sajini mstaafu wa jeshi, Msoga, anayekaa upande wa Bugembe. Mkewe ni Mgisu, fundi wa kushona nguo, naye ndiye ashikaye daftari la matumizi ya nyumba. Nyumba ya Mbale ni ya mdogo wake mama huyo, inspekta wa polisi.

Jumapili moja inspekta ameteremka Jinja akiwa katika likizo, amekuja na furushi la malewa kutoka milimani. Baada ya chakula sajini akatoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye picha ya basi la kijani, na chini ya picha ahadi: hisa za mwanzo za kiwanda cha mabasi ya umeme cha Jinja, kwa shilingi milioni 10, zilipwe kabla ya Ijumaa, baada ya mwaka mmoja zitakuwa milioni 20. Aliyeileta ni kijana mtanashati, ambaye hakuna mtaani aliyejua ofisi yake.

"Shemeji," sajini akasema, "kiwanda hiki nimekiona kwa macho yangu kikijengwa, na waliokijenga ni watu wa jeshi letu. Mabasi yanatembea. Kama siyaamini haya, nitaamini nini?"

Inspekta akacheka. "Afande, achana na mambo ya hapa. Mwanangu wa chuo amenionyesha katika simu hisa za gari la umeme la Marekani. Walionunua mapema wametajirika. Mimi ninafikiri kuchukua mkopo katika chama chetu cha akiba, ukatwe katika mshahara kwa miaka mitatu, niununulie hizo."

Mama wa nyumba alikuwa akiondoa sahani. Akaziweka chini, akalifungua daftari lake, akaandika maswali matatu. Je, gari lenyewe ni zuri? Je, walioanzisha kiwanda ni watu wa kuaminika? Je, hisa ni halali ya kununuliwa, na kwa bei gani? Kisha akasema, "Ninyi wawili mmejibu swali la kwanza tu, mkadhani mmeyajibu yote matatu."

GARI LENYEWE

Katika swali la kwanza sajini alikuwa na mengi ya kusema, na mengi ya hayo ni kweli. Habari ya gari la umeme la Uganda ilianzia Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2008 wanafunzi na walimu wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa waliounda gari la mfano lililoonyeshwa mjini Turin, Italia. Waliporudi nyumbani wakajiuliza kwa nini wasiunde la kwao. Mnamo Novemba 2011 likatoka gari dogo la watu wawili, Kiira EV, lililopewa jina ambalo Waganda na Wasoga huuita mto Nile. Mwaka 2014 likafuata gari la watu watano lenye kutumia petroli na umeme pamoja, na mwaka 2016 likaonyeshwa mjini Kampala basi la viti 35, Kayoola, lenye vioo vya kuvuna mwanga wa jua juu ya paa.

Toka hapo kazi ikahama kutoka karakana ya chuo ikawa kazi ya kiwanda. Mwaka 2018 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa Kiira Motors. Kiwanja cha ekari 100 kilikuwa kimekwisha tengwa katika eneo la viwanda la Jinja, na mwaka 2019 ujenzi ukaanza chini ya shirika la National Enterprise Corporation, ambalo ni mkono wa kibiashara wa jeshi la UPDF. Wakati huohuo likaundwa basi kubwa la umeme mtupu, Kayoola EVS, kwa ushirikiano na kampuni ya Kichina, ambalo waundaji wake hutangaza kwamba betri ikijaa laweza kwenda kiasi cha kilomita 300.

Kwa watu wa Jinja na Mbale hesabu hiyo ina maana iliyo wazi. Kutoka Jinja kupita Iganga na Tirinyi mpaka Mbale ni kama kilomita 140. Basi la namna hiyo lingeweza kwenda na kurudi bila kuchajiwa njiani, ingawa lingefika nyumbani likiwa karibu kuishiwa, na dereva mwenye busara angelichaji Mbale kabla ya kurudi. Umeme wenyewe nao watoka mlangoni. Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja mwaka 1954. Kituo cha Kiira kikaongezwa kando yake mwaka 2000, cha Bujagali kikafuata mwaka 2012, na mwaka 2024 likazinduliwa bwawa kubwa la Karuma huko kaskazini. Nchi inunuayo mafuta ya dizeli ng'ambo na yenye umeme wake mwenyewe mtoni haikosei kufikiria mabasi ya umeme.

"Basi gari ni zuri," sajini akasema kwa ushindi.

"Gari ni zuri," mkewe akakubali. "Lakini cherehani yangu pia ni nzuri, na kuna miezi ambayo hainiletei hata fedha ya sabuni. Uzuri wa chombo ni jambo moja, faida ni jambo jingine."

Hapo alisema neno ambalo wataalamu wa hesabu husema kwa maneno marefu zaidi. Basi la umeme ni ghali kununua na rahisi kuendesha. Faida yake hupatikana pale tu linapotembea kila siku likiwa limejaa, kwa miaka mingi, kabla betri haijachoka. Kwa kiwanda nako ni vivyo hivyo. Wakati wa kukitangaza kiwanda cha Jinja ilisemwa kwamba kingekuwa na uwezo wa kuunda magari 5,000 kwa mwaka. Lakini uwezo wa kuunda ni hesabu moja, na magari yaliyokwisha agizwa na kulipiwa ni hesabu nyingine. Mtu anayetaka kujua afya ya kiwanda huuliza hesabu ya pili.

WALIOANZISHA

Swali la pili liliwahusu watu, na hapa inspekta ndiye aliyeanza. Polisi huyajua maswali ya watu: nani, wapi, lini, na shahidi ni nani.

Kwa upande wa Jinja majina yako wazi. Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa wa Makerere ndiye aliyeusimamia mradi tangu mwanzo, na baadaye akawa waziri wa nchi. Injinia Paul Isaac Musasizi, aliyeliongoza kundi la vijana waliounda gari la kwanza, ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Kiira Motors. Hawa ni watu wa kazi, na kazi yao imeonekana kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini ni vyema kuelewa kwamba kampuni si mali yao. Sehemu kubwa ya Kiira Motors ni ya Serikali ya Uganda, na sehemu ndogo ni ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mwanzilishi hapa ni mtumishi mwenye cheo. Mradi ukifaulu, heshima ni yake. Ukianguka, hasara ni ya hazina ya taifa, yaani ya kila mlipa kodi.

"Kwa hiyo," inspekta akasema, "wa Marekani ni afadhali. Yule ameweka fedha zake mwenyewe."

Ni kweli kwamba Elon Musk aliweka fedha zake. Wengi hudhani ndiye aliyeianzisha Tesla peke yake, lakini kampuni hiyo ilisajiliwa mwaka 2003 na wahandisi wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Musk aliingia mwaka 2004 akiwa mwekezaji na mwenyekiti. Baada ya ugomvi uliofika mahakamani, mwaka 2009 walipatana kwamba yeye na wenzake wanne wote waruhusiwe kuitwa waanzilishi. Mtu huyo ni mgumu kumpima kwa mizani moja. Aliibeba kampuni wakati ilipokaribia kufilisika, na leo magari yake yamejaa katika barabara za Marekani, Ulaya na China. Mwaka 2023 kampuni iliuza magari kama milioni 1.8. Anayemwita mwongo mtupu hana budi kwanza ayaeleze magari hayo yametoka wapi.

Lakini upande wa pili wa daftari nao umejaa. Mwezi Agosti 2018 Musk alitangaza hadharani kwamba alikuwa amekwisha pata fedha za kuzinunua hisa zote za kampuni. Mamlaka inayosimamia biashara ya hisa Marekani ikamshitaki, na mwezi Septemba ikapatikana suluhu: yeye akalipa dola milioni 20, kampuni ikalipa kiasi hichohicho, naye akakiacha kiti cha mwenyekiti. Mwaka 2019 alisema kwamba mwaka ufuatao kungekuwa na teksi milioni moja za kampuni yake zinazojiendesha bila dereva. Mwaka huo ukapita bila hata moja. Huduma ndogo ya namna hiyo ilianza katika mji wa Austin mwezi Juni 2025 tu. Lori kubwa la umeme lililoahidiwa kwa mwaka 2019 lilikabidhiwa kwa wanunuzi wa kwanza Desemba 2022.

"Basi huyo ni kama fundi wa nguo za arusi," mama akasema. "Nguo zake ni nzuri, ila usimwambie bibi arusi atazivaa lini."

Wako na wengine ambao hata nguo hawakushona. Mwaka 2018 kampuni nyingine ya Marekani, Nikola, ilionyesha picha za sinema za lori lake likikimbia barabarani. Mwaka 2020 thamani ya hisa za kampuni hiyo ilipita kwa siku chache thamani ya kampuni kongwe ya Ford. Kisha ikagundulika kwamba lile lori halikuwa likiendeshwa na mtambo wowote. Lilikuwa likiteremka mteremko. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alipatikana na hatia ya kuwadanganya wenye hisa mwaka 2022, akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2023, na mwaka 2025 akasamehewa na Rais wa nchi yake. Kampuni ilikwisha kuomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Februari mwaka huohuo. Msamaha huo haukuwarudishia fedha zao wale walionunua hisa kwa bei ya juu.

HISA ZENYEWE

Likabaki swali la tatu, ambalo kila mmoja alikuwa amelirukia.

Hisa ni kipande cha umiliki. Mwenye hisa hana haki ya kudai fedha zake zirudi kama mtu aliyekopesha. Ana haki ya kupata gawio iwapo kampuni itapata faida na kuamua kuigawa, na ya kuiuza hisa yake iwapo atapata mnunuzi. Kwa hiyo gari laweza kuwa zuri, na mwanzilishi akawa mtu mwadilifu, na bado hisa ikawa mbaya kwa sababu bei yake imepanda kuliko mapato yote yanayotarajiwa. Mbuzi mzuri wa shilingi 300,000 ni mbuzi mzuri. Mbuzi huyohuyo kwa milioni 3 ni hasara, hata kama ana pembe za dhahabu.

Katika jambo la Jinja jibu ni fupi. Hisa za Kiira Motors hazimo katika Soko la Hisa la Uganda, na mwananchi hawezi kuzinunua mtaani. Kampuni ya serikali ikitaka kuuza hisa kwa umma, jambo hilo hutangazwa waziwazi, hutolewa waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na fedha hupokewa kwa njia ya benki na madalali wenye leseni. Halipiti mlango kwa mlango katika bahasha. Kijana aliyekuja Bugembe, kwa hiyo, alikuwa akiuza jina la kiwanda ambacho hakikumtuma.

Sajini alinyamaza kwa muda. Kisha akasema polepole, "Lakini alikuwa na picha."

"Shemeji," inspekta akamjibu, naye sasa hakucheka, "hata Dunamiscoins walikuwa na picha."

Watu wengi wa Uganda wanalikumbuka jina hilo. Kampuni hiyo iliahidi faida kubwa za haraka kwa fedha za kidijitali, na mnamo Desemba 2019 ikafunga milango, ikiwaacha maelfu ya watu wakihangaika katika vituo vya polisi na mpaka Bungeni. Nyuma yake, mwaka 2007, kulikuwa na shirika la COWE lililotumia jina la yatima, wajane na wazee. Majina hubadilika, mara hii ni yatima, mara hii ni fedha mpya, kesho ni basi la umeme. Kila mara hutafutwa kitu ambacho watu wanakipenda tayari, kwa sababu mtu hasiti kutoa fedha kwa kitu anachojivunia.

Mama akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, ya kwako?"

Inspekta akajibu kwamba ya kwake ni halali, maana inauzwa katika soko linalojulikana duniani. Katika hilo alikuwa na haki, iwapo tu angepita kwa dalali mwenye leseni. Tesla ilianza kuuza hisa kwa umma mwezi Juni 2010 kwa dola 17 kila moja, na mwenye kuzinunua siku hiyo na kuzishika mpaka leo amepata utajiri wa kweli. Lakini wachache sana ndio waliozishika. Mwezi Novemba 2021 bei ilipita dola 400, kwa hesabu ya hisa kama zilivyogawanywa baadaye. Mwanzoni mwa Januari 2023 ilikuwa kama dola 108. Robo tatu ya thamani ilikuwa imeyeyuka katika miezi kumi na minne. Kufika Desemba 2024 bei ilikuwa imepita tena 400.

Mtu mwenye fedha za ziada atasema hakuna kilichoharibika, maana bei ilirudi. Lakini mama akauliza swali ambalo halimo katika magazeti ya biashara.

"Kaka, ungekuwa umenunua mwaka 2021 kwa mkopo wa miaka mitatu, makato ya mshahara yangesimama kungoja bei irudi? Januari ni mwezi wa nini katika nyumba hii na yako?"

Januari ni mwezi wa kutafuta ada ya shule. Inspekta angelazimika kuuza kwa robo ya bei, na deni lingebaki zima. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya tajiri na mtu wa mshahara. Hisa yaweza kuwa ileile, na kampuni ileile, lakini tajiri aweza kungoja, na mtu wa mshahara hawezi.

MOSHI WA ZAMANI

Sajini, aliyekuwa amenyamaza, akauliza kama basi maana yake ni kwamba wananchi wasikiamini kiwanda chao. Swali hilo lilistahili jibu la heshima, kwa kuwa Jinja na Mbale ni miji inayojua viwanda vinavyozaliwa na viwanda vinavyokufa.

Baada ya bwawa kufunguliwa mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa mabomba ya moshi. Kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, na tanuri la kuyeyushia shaba iliyosafirishwa kwa reli kutoka Kilembe. Baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na misukosuko iliyofuata, vingi vilidorora, vipuri vikakosekana na mishahara ikapungua thamani. Mbale nayo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, African Textile Mill, ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na zamu za kazi, na ambacho baadaye kilisimama. Lakini Mbale ina pia Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954 na wakulima wa kahawa. Huko watu walijifunza zamani kwamba kuwa mwanachama ni kuhudhuria mkutano, kusikiliza hesabu zikisomwa, na kuuliza fedha zilikwenda wapi.

Majirani nao wana mafunzo yao. Nchini Kenya mpango wa gari la Nyayo, ulioanza mwaka 1986 na kuwashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa magari matano ya mfano yaliyoonyeshwa mwaka 1990, kisha ukasimama kwa kukosa fedha za kuyaunda kwa wingi. Wahandisi hawakuwa wajinga. Kilichokosekana ni mtaji na soko. Nchini Tanzania, jeshi liliunda lori la Nyumbu huko Kibaha, na ujuzi uliopatikana pale umewafaa mafundi wengi hata bila kuwa na lori hilo katika kila barabara.

Kwa hiyo kiwanda cha Jinja chaweza kuaminiwa kwa namna inayokifaa. Mwananchi hukiamini kwa kupanda mabasi yake na kulipa nauli, kwa kumpeleka mtoto akasomee ufundi wa umeme, na kwa kudai kupitia mbunge wake hesabu zilizokaguliwa, maana fedha zilizojenga kiwanda ni za kodi yake. Tayari yeye ni mwenye sehemu kwa njia ya hazina ya taifa. Hana haja ya kununua mara ya pili kwa kijana wa bahasha.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Askari mstaafu na familia yake wanaopelekewa habari za hisa wafanye mambo machache kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, waulize kama kampuni imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Uganda mjini Kampala, na kama anayeuza ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni haifichwi. Mnunuzi wa kweli hufunguliwa akaunti ya hisa yenye jina lake mwenyewe, na fedha hupita benki, hazipiti mkononi.

Pili, wasome hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, au watafute mtu wa kuwasomea. Kampuni ilipata faida au hasara? Ina deni kiasi gani? Mapato yake yanategemea nini? Umeme ilisambazwa na kampuni ya Umeme tangu mwaka 2005 kwa mkataba wa miaka 20, na mkataba huo ukaisha tarehe 31 Machi 2025. Aliyezinunua hisa zake bila kuijua tarehe hiyo alinunua nyumba bila kuuliza kodi ya kiwanja inaisha lini.

Tatu, wakumbuke kwamba hata hisa halali hupanda na kushuka. MTN Uganda iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200. Bei ikashuka chini ya hapo kwa muda mrefu kabla ya kupanda tena. Aliyekuwa na subira hakuumia. Aliyekuwa na haraka aliumia.

Nne, wasinunue hisa kwa mkopo, wala kwa fedha za ada, matibabu au kodi ya nyumba.

Tano, waogope neno Ijumaa. Biashara ya kweli humpa mtu nafasi ya kwenda kuuliza.

Ziko njia nyingine zenye kishindo kidogo. Vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, viko karibu na askari, na mwanachama ana haki ya kuuliza hesabu zake. Benki Kuu ya Uganda nayo huuza dhamana za serikali kuanzia shilingi 100,000, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Hizi hazitamtajirisha mtu kwa mwaka mmoja, na yeyote aahidiye utajiri wa mwaka mmoja amekwisha jieleza ni nani.

DAFTARI LINAFUNGWA

Katika nyumba ya Bugembe jua lilikuwa linakwenda kuzama. Kiinua mgongo cha sajini kilikuwa shilingi milioni 24. Mama akayaandika mafungu manne: milioni 10 za kumalizia vyumba viwili vya kupangisha, milioni 6 katika chama cha akiba, milioni 7 za dhamana za serikali, na milioni 1 ya hisa zilizoorodheshwa, zitakazonunuliwa baada ya kusomwa hesabu na si kabla. "Hiyo milioni moja ni yako," akamwambia mumewe. "Ikipanda utatununulia nyama. Ikishuka, hatutakosa unga."

Sajini akaikunja ile karatasi ya basi la kijani, akampa shemeji yake. "Ipeleke kwa wenzako wa upelelezi. Huenda kuna mstaafu mwingine ambaye hana mke wa kumuuliza maswali."

Inspekta akaitia mfukoni. Kuhusu mkopo wake hakusema neno mpaka walipofika kituo cha magari. Pale, akiwa na mguu mmoja katika matatu ya Mbale, akamwambia dada yake kwamba fomu ya mkopo ilikuwa imekwisha jazwa na ilibaki sahihi tu. Kesho angekwenda kuichana.

Gari likaondoka kuelekea Iganga. Mama akarudi nyumbani polepole, daftari kwapani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.